Manjano ya Gazeti na Mafuta ya Samaki

Atwaaye lenzi ya kukuzia akaiweka juu ya picha yoyote ya rangi iliyopigwa chapa gazetini, au juu ya karatasi iliyofungia biskuti, ataona kwamba picha ile ni halaiki ya nukta tu, za manjano, za wekundu wa zambarau, za samawati na nyeusi, zilizopangwa kwa hila hata jicho likadanganyika likaona uso wa mtu au embe bivu. Nukta za manjano ndizo niziandikiazo safu ya mwezi huu, kwa kuwa aghalabu hubeba ndani yake chembe, chache mno lakini za hakika, za sumu ambayo Marekani iliharimisha utengenezaji wake mwaka 1979. Na kwa kuwa mto mmoja wa kaskazini-magharibi ya nchi hiyo, uitwao Spokane, umekuwa kwa muda wa kizazi kizima ukipimwa, ukichujwa, ukifanyiwa mikutano na kufikishwa mahakamani kwa ajili ya sumu hiyo hiyo, na samaki wake wangali hawaliki kwa amani ya moyo.

Rai yangu naitoa mapema, ili asiyekubaliana nami ajue pa kuishikia. Watu wa bonde lile walifanya jambo la busara walipokaa pamoja, wenye viwanda na wenye nyavu, kuitafuta asili ya sumu. Lakini walichokigundua ni kwamba mlango wa sumu hauko mtoni hata kidogo, uko dukani, na mlango huo umeachwa wazi na sheria yenyewe. Maadamu serikali moja yaruhusu sumu katika bidhaa kwa kipimo kimoja na kuikataza katika maji kwa kipimo kingine kilicho chini ya kile mara bilioni saba, basi fedha zitakazomwagwa katika mabomba na vichujio zitapunguza madhara, nami sizibezi, ila hazitayakomesha.

Mto wenyewe si mkubwa. Hutoka katika ziwa Coeur d'Alene lililoko jimbo la Idaho, ukavuka mpaka kuingia jimbo la Washington, ukapita katikati ya mji uliopewa jina lake, ambamo huporomoka majabalini kwa kishindo, kisha ukashika njia ya magharibi hata ukajimimina katika mto Columbia, mwendo upatao kilomita 180 kwa jumla, nao umezuiwa njiani na mabwawa saba. Penye maporomoko hayo watu wa kabila la Spokane walikuwa wakivua samoni karne nyingi kabla mji haujasimama; mabwawa ndiyo yaliyomkatia samoni njia yake, kwanza yale ya mto wenyewe, kisha lile kubwa la Grand Coulee katika Columbia, lililokamilika mwaka 1942 bila ya kuachiwa samaki ngazi ya kupandia. Mwaka 1974 mji huo uliandaa maonyesho ya dunia, ya kwanza kabisa kuyafanya mazingira kuwa maudhui yake, na kwa ajili hiyo reli na mabehewa yaliyokuwa yamejaa kando ya maporomoko yaling'olewa, bustani ikapandwa, na wageni wakausifu uzuri wa maji. Kilichokuwa kikipita chini ya madaraja siku zile hakikuonekana, wala leo hakionekani. Juu zaidi, katika bonde la Coeur d'Alene, machimbo ya fedha yalimwaga risasi, zinki na kadmiamu kwa miaka mingi, nalo ni janga linalostahili safu yake peke yake. Mimi leo nashika sumu moja.

Sumu hiyo ni jamii ya mafuta ya kutengenezwa kwa mkono wa binadamu, bifenili zilizotiwa klorini, ambazo wakemia wamezihesabu aina 209 na ulimwengu huziita kwa herufi tatu tu, PCB. Kampuni ya Monsanto ndiyo iliyotengeneza karibu zote zilizotumika Marekani, hadi ilipoacha mwaka 1977, na sifa zilizowapendeza wahandisi ndizo hizo hizo zilizotuletea balaa: haziungui upesi, hazivunjiki kwa joto, bakteria hawaziwezi ila kwa taabu, wala umeme haupiti ndani yake. Wakazitia katika transfoma na kapasita, katika mafuta ya mashine za haidroli, katika rangi, katika lahamu za kuzibia madirisha, hata katika zile karatasi za nakala zisizohitaji kaboni. Katika bonde la Spokane kulikuwa na kiwanda kikubwa cha kusubu na kubapa aluminiamu, kilichojengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambacho chini yake mafuta ya namna hii yalipenya ardhini yakayafikia maji yaliyo chini ya changarawe. Na kwa kuwa maji hayo ya chini na maji ya mto hupokezana, pengine mto ukinywa kutoka ardhini na pengine ardhi ikinywa kutoka mtoni, kilichomwagwa zamani sakafuni mwa kiwanda hufika katika samaki wa leo.

Namna kinavyofika ndiyo siri ya mambo yote, na asiyeielewa hataelewa kwa nini watu wazima hubishana juu ya sehemu moja ya kwadrilioni. PCB huyachukia maji na kuyapenda mafuta. Zikitiwa mtoni hazikai zikielea kama chumvi. Hutafuta haraka kitu chochote chenye mafuta au kaboni zikajibanza humo, nalo tope laini la chini ya mto, na ukoga wa majani ulioshika mawe, ndiyo makao yake ya kwanza. Mdudu hula ukoga huo siku zote za maisha yake, wala hana njia ya kuitoa sumu. Samaki mdogo hula wadudu mamia, samaki mkubwa hula wadogo makumi, na kila mlaji hurithi akiba yote ya walioliwa. Kwa hiyo maji ambayo mtu angeweza kuyanywa kila siku bila ya kudhurika yaweza kumlea samaki ambaye hafai kuliwa kila juma. Hapa ndipo lilipo kosa la kwanza la watu wengi, la kuyatazama maji kwa macho, wakayaona meupe kama kioo, changarawe zahesabika chini yake, wakasema mto huu mzima. Weupe wa maji haumjulishi mtu habari yoyote ya mafuta ya samaki.

Na mafuta hayo tuyatazame kwa karibu kidogo. Mpasue samaki wa mto aliyenona, umfungue tumboni, nawe utakuta ukanda wa manjano uliolala kando ya utumbo, na mwingine mwembamba wa rangi ya kahawia chini ya ngozi ubavuni, na mwingine tena juu ya uti wa mgongo. Humo ndimo PCB zinamokaa. Ndiyo sababu wakuu wa afya wa Spokane, ambao wameweka mabango kando ya mto yenye picha za samaki na maelezo kwa zaidi ya lugha moja, Kirusi kikiwamo kwa kuwa wahamiaji wasemao Kirusi ni wavuvi hodari pale, huwaambia watu kwamba sehemu nyingine za mto samaki wasiliwe kabisa, na kwingineko waliwe kwa kiasi, wakiondolewa ngozi na mafuta, na wachomwe juu ya wavu ili yaliyobaki yachuruzike. Ushauri huo ni wa kweli kwa sumu hii. Lakini msomaji wa kwetu asiuhamishe kwa pupa: zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia katika nchi zetu za maziwa, haikai katika mafuta, hushika mnofu, na hapana kisu wala moto utakaomtoa samaki zebaki yake. Kila sumu ina kaida yake, na mtu atoaye nasaha moja kwa sumu zote afadhali anyamaze.

Basi mwaka 2012 kulianzishwa kikosi kazi cha kupunguza sumu katika mto Spokane, chenye kukusanya watu ambao kwa desturi huonana mahakamani tu: manispaa zenye kumwaga majitaka, za Washington na za ng'ambo ya mpaka huko Idaho, kiwanda cha aluminiamu, kiwanda cha karatasi, idara za serikali, wakuu wa afya, na vyama vya watetezi wa mto. Hawakuja kwa mapenzi. Idara ya ikolojia ya jimbo la Washington ilikuwa imelitia sharti hilo ndani ya vibali vya kumwaga maji, kwamba mwenye kibali shurti ashiriki. Jambo hilo nalisifu bila ya haya. Mto haujui mpaka wa majimbo, na mpimaji asimamaye upande mmoja hupima nusu ya ukweli. Wakachukua maji kwa misimu mbalimbali, wakapima mifereji ya mvua, wakapima tope, wakapima chakula wapewacho samaki wa kufugwa wanaopandikizwa mitoni, na manispaa ya Spokane ikafanya jambo ambalo sijaona mji mwingine ukilifanya kwa bidii namna ile, ikapeleka maabara bidhaa za kawaida inazozinunua yenyewe kila mwaka: rangi ya manjano ya kupigia mistari barabarani, mafuta ya injini, mchanganyiko wa kupandia nyasi kandokando ya njia, na vikorokoro vingine. Sumu ikapatikana katika vingi vya hivyo.

Hapo ndipo manjano yanapoingia. Rangi ya manjano itumikayo zaidi katika wino wa kupigia chapa hutengenezwa kwa kiungo kiitwacho diklorobenzidini, na katika kuitengeneza rangi hiyo, bila ya mtu kukusudia, huzaliwa PCB kidogo, hasa aina ile iliyopewa nambari 11. Aina hiyo takriban haikuwamo katika mafuta ya zamani ya Monsanto. Kwa hiyo mpimaji aikutapo nambari 11 mtoni ana ithibati kama ya alama ya kidole: sumu hii haikutoka katika transfoma ya babu, imetoka katika wino wa jana. Na katika bonde hilo kiko kiwanda cha karatasi kinachopokea magazeti na majarida makuukuu kwa ajili ya kuyarejeza kuwa karatasi mpya, kazi ambayo sote tumefundishwa kuiona ni thawabu, na ni thawabu kweli. Ila katika kuiosha karatasi kuukuu wino hubanduka, na pamoja na wino hutoka kile kilichokuwamo ndani yake, kikaelekea kwenye bomba. Kiwanda hakinunui PCB, hakitumii PCB, wala hakizihitaji kwa lolote. Huletewa mlangoni, zimepakwa juu ya picha za matangazo ya siagi.

Ukiuliza mbona wino huo wauzwa, jibu ni kwamba sheria yauruhusu. Sheria ya Marekani ya kudhibiti vitu vya sumu, iliyotungwa mwaka 1976, iliharimisha kutengeneza PCB kwa kusudi, lakini kanuni zilizofuata zikaachilia zile zizaliwazo kwa bahati katika utengenezaji wa vitu vingine, ili mradi zisizidi sehemu 50 katika milioni kwa kipimo kimoja, na sehemu 25 kwa wastani wa mwaka. Ilhali kipimo cha maji kilichowekwa na serikali kuu kwa mito ya Washington mwaka 2016 ni pikogramu saba kwa lita, yaani sehemu saba katika kwadrilioni. Msomaji na anivumilie nifanye hesabu, maana hapa ndipo penye uzito wa hoja yangu. Gramu saba za PCB, kiasi kisichozidi kijiko kimoja kidogo, zatosha kukifikisha kwenye mpaka wa haramu kiasi cha maji kijazacho kilomita moja kwa urefu, moja kwa upana na moja kwa kimo. Na gramu saba hizo zaweza kuwamo, kwa idhini kamili ya sheria, ndani ya kilo 140 za wino, mzigo ambao gari dogo huubeba asubuhi na kurudi kuchukua mwingine. Mkono mmoja wa serikali unamtoza faini mwenye bomba, na mkono wa pili umempa muuza wino leseni. Sina neno jingine la kuliita jambo hili ila dhuluma, hata kama aliyedhulumiwa ni kiwanda, ambacho kwa kawaida mimi si wakili wake.

Lakini pikogramu saba zilitoka wapi? Wengi wadhani ni tarakimu iliyozuliwa na watu wa maabara wapendao kutisha, na katika mabishano ya Washington neno hilo lilisemwa mara nyingi. Kweli ni kwamba tarakimu hiyo ni zao la swali la nyumbani kabisa: mtu hula samaki kiasi gani? Kwa miaka mingi jibu la serikali lilikuwa gramu sita na nusu kwa siku, ambazo ukizikusanya mwezi mzima hazipati gramu 200, yaani kipande kimoja cha wastani mara moja kwa mwezi. Kwa jibu hilo kipimo cha maji kikawa pikogramu 170, na mto ukaonekana karibu na uzima. Makabila ya wenyeji, ambayo kwao samaki ni chakula, ni ibada na ni hati ya mkataba, yakapinga kwa miaka, yakasema sheria hii imetungwa kwa tumbo la mtu asiyekula samaki. Hatimaye gramu 6.5 zikawa gramu 175 kwa siku, na pikogramu 170 zikashuka kuwa saba. Kabila la Spokane lenyewe, ambalo ardhi yake iko chini kabisa ya mto, mahali ambapo yote yamwagwayo na walio juu hufikia, liliweka kwa mamlaka yake kipimo cha pikogramu 1.3, kwa hesabu ya mtu kula gramu 865 za samaki kila siku, ambacho ndicho kiasi walichokula wazee wao wakati samoni walipokuwa wakipanda. Wako waliocheka kusikia gramu 865. Mimi niliyekua nikiona watu wa pwani wakila samaki asubuhi kwa muhogo, mchana kwa wali na jioni kwa chochote kilichobaki, sikuona la kuchekesha.

Tazama basi jinsi tarakimu ya chakula ilivyogeuka kuwa tarakimu ya siasa. Kipimo cha pikogramu saba kiliwekwa mwaka 2016, kikaondolewa na utawala uliofuata mwaka 2020, kikarejeshwa mwaka 2022. Na samaki, ambao hawapigi kura, waliendelea kuwa na mafuta yale yale. Upande wa mahakama nao haukulala. Mwaka 2011 vyama viwili vya watetezi wa mazingira vilifungua daawa kuidai Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya serikali kuu kwamba sheria ya maji inataka iwekwe hesabu rasmi ya sumu ambayo mto waweza kuistahimili kwa siku, na kila mwagaji agawiwe fungu lake; nalo kabila la Spokane likajiunga na daawa hiyo. Mwaka 2015 jaji aliamua kwamba kikosi kazi, pamoja na wema wake, hakiwezi kushika mahali pa hesabu hiyo, kwa kuwa hakina tarehe ya kumaliza wala meno ya kumng'ata mkaidi. Hesabu yenyewe ilitolewa mwaka 2024, miaka 13 baada ya daawa.

Kuna wasemao kwamba mahakama iliharibu udugu uliokuwa umejengeka mezani, na wako wasemao kinyume, kwamba meza ilikuwa hila ya kuchelewesha. Mimi nasema kwamba pande zote mbili zimekosea kuona vyombo viwili kuwa vyashindania kazi moja. Meza ndiyo iliyogundua nambari 11. Hapana jaji ambaye angeigundua, maana jaji hupima hoja, hapimi rangi ya barabarani. Lakini meza isiyo na mwisho hugeuka baraza la kahawa, watu wakazoeana, wakaahirisha, wakapongezana kwa ripoti. Tabibu ajuaye maradhi bila ya kuandika dawa ni hasara kwa mgonjwa, na aandikaye dawa kabla ya kujua maradhi ni hatari zaidi.

Neno jingine nililolisikia, hata kwa wanafunzi wangu, ni kwamba sumu iliyoharimishwa mwaka 1979 itakwisha yenyewe kwa kuachwa. Sehemu yake, naam: tope jipya huifunika ya zamani, na katika mito mingi kipimo kimeshuka tangu zama zile. Ila nambari 11 ni ushahidi kwamba bakuli linatoka maji chini huku likimiminiwa juu. Na wale wasemao kiasi cha pikogramu saba hakipimiki hata kikatungiwa sheria, wana nusu ya haki, na nusu hiyo inastahili heshima. Njia ya kupima iliyoidhinishwa rasmi kwa ajili ya kukagua vibali haina ukali wa kufika pikogramu chache. Iko njia nyingine yenye kuzitenga aina zote 209 na kuzisoma hadi chini sana, ila ni ghali, na ni laini kiasi kwamba vumbi la maabara na karatasi zake zaweza kuingiza PCB katika chupa ya maji safi kabisa. Mpimaji mwaminifu hupima kwanza chupa ya maji matupu, aone yeye mwenyewe amechafua kiasi gani. Hilo halibatilishi sheria. Lafundisha kwamba apimaye bombani atachelewa siku zote, na kwamba ni rahisi mno kupima wino kiwandani, ambamo sumu ni nyingi mara mamilioni, kuliko kuiwinda ikiwa imekwisha kutawanyika katika mto.

Kwa hiyo tiba naiona kuanzia juu. Jimbo la Washington lilitunga mwaka 2014 sheria ya kuzitaka idara zake zinunue bidhaa zisizo na PCB pale zinapopatikana, na manispaa ya Spokane ikafanya vivyo hivyo. Jambo hilo laonekana dogo, lakini serikali ndiyo mnunuzi mkubwa wa rangi za barabara na karatasi, na muuzaji husikia sauti ya mfuko wa fedha kabla hajasikia ya samaki. Ziko rangi za manjano zisizopitia klorini, na ikiwa ni ghali au ni hafifu kidogo machoni, basi na tuupime uhafifu huo kwa mizani moja na gharama ya kuchuja. Manispaa hiyo ilijenga matangi makubwa chini ya ardhi ya kuzuia majitaka yasifurike mtoni wakati wa mvua, na mwaka 2021 ikaanza kuyapitisha maji yake katika tando za kuchujia zenye vitundu visivyoonekana kwa jicho, kazi ya mamilioni ya dola iliyolipwa na watu wa kawaida katika ankara zao za maji. Penye tope lililoshika sumu nyuma ya bwawa mojawapo walimwaga tabaka la makaa ya mawe na mchanga na changarawe, kwa kuwa kaboni ya makaa huinasa PCB kama vile mafuta ya samaki yanavyoinasa, tofauti ikiwa kwamba makaa hayaliwi. Na Monsanto ilikubali mwaka 2020 kuilipa Washington dola milioni 95 kwa ajili ya uchafu huo, kiasi ambacho sikioni kuwa kikubwa, ila chaweka mfano kwamba mtengenezaji ana dhima hata baada ya bidhaa kutoka mikononi mwake. Lililobaki, nalo ndilo kubwa, ni kuishusha ile sehemu 50 katika milioni, kazi isiyowezekana mezani Spokane, kwa kuwa ni ya serikali kuu, na kwa kuwa wino husafiri baharini katika makontena.

Makontena hayo hufika na kwetu. Sina haja ya kuwatisha watu na biskuti zao. Chembe zilizomo katika karatasi moja ni kidogo, na mlaji hazimfiki kwa njia ya kuishika karatasi. Kwetu hofu ya kweli iko mahali pengine, katika mafuta yenyewe ya kale. Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizojiunga na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao ulizitaka nchi ziache kutumia vyombo vyenye PCB ifikapo mwaka 2025, na mabaki yake yaangamizwe kwa njia salama ifikapo 2028. Na transfoma kuukuu za nchi zetu zimetapakaa nguzoni, maghalani na katika viwanja vya vyuma chakavu. Kila mtu wa mjini amesikia habari za wezi wa mafuta ya transfoma, na za mafuta hayo kuuzwa kwa wakaangaji wa chipsi kwa sababu hayakauki upesi. Yasemwayo kidogo ni kwamba yale yanayomwagika huenda mferejini, na mfereji huenda mtoni, na mto huenda kwa kambare.

Juzi nilisimama kwa fundi wa kuchomelea, kijana mpole, nikamwona akiongeza mafuta katika mashine yake kutoka katika dumu la lita 20. Mikono yake ilimeremeta hadi viwikoni. Nikamuuliza mafuta hayo ni ya nini, akasema, "Ni ya transfoma, mzee wangu, haya ndiyo yanayopoza vizuri." Nikamweleza kwamba si mafuta yote ya transfoma yenye sumu, mengi ni ya madini tu, na kuyatambua kwa jicho au kwa harufu haiwezekani, ila viko vifaa vidogo vya kupima klorini vinavyotoa jibu kwa dakika chache, na hata pasipo kifaa bamba la transfoma huonyesha mwaka iliotengenezwa na jina la mafuta yaliyotiwa. Akapendezwa na jambo hilo, akanipeleka nyuma ya kibanda lilikokuwa kasha lenyewe, limelala ubavu, limekatwa nusu kwa ajili ya kutengenezea jiko, na ardhi chini yake ni nyeusi hadi ukingoni mwa mtaro. Tukaliinua upande mmoja, tukalitafuta bamba. Palikuwa na matundu manne ya misumari, na mstatili wa rangi mbichi mahali lilipokuwapo. Shaba ile alikuwa amekwisha kuiuza.